Vyombo vya Mhunzi Havipimwi kwa Kilo

Hapa kwetu Kirungu, na hata kule chini Moba bandarini, kitu chochote cha chuma kinachokaa bila kazi kimepata jina moja: mitraye. Neno limetoka katika Kifaransa, nasi tumelizoea kama la kwetu. Chasi ya gari iliyokufa njiani ni mitraye, baiskeli isiyo na magurudumu ni mitraye, bati la kutu ni mitraye, na mnunuzi anapita na mizani yake akilipa kwa kilo. Hatuna ubishi na biashara hiyo. Imelisha watoto wengi, na chuma kilichokufa kinastahili kufufuliwa mahali pengine. Ubishi wetu unaanza pale ambapo nyundo ya mhunzi, koleo yake na fuawe yake zinatupwa katika gunia lile lile na kupimwa pamoja na bati la kutu.

Wengine watasema: chuma ni chuma tu. Sisi tunasema sivyo, na katika kurasa hizi tutajaribu kuonyesha kwa nini. Tunawaandikia hasa wale ambao nyumbani kwao, nyuma ya jiko au chini ya mwembe, wana karakana ndogo wanayoiita atelye: mwalimu anayechonga visu siku ya mapumziko, kijana anayerekebisha motere za mashua, mzee ambaye bado anafua majembe. Watu hao wanakusanya vyombo vya zamani, wanabadilishana, wananunua na kuuza. Bila kujua, wao ndio wanaolinda sehemu ya urithi ambayo wengi wanadhani iko Ulaya tu, ndani ya makabati ya kioo.

Tuanze mbali kidogo. Katika bonde la Upemba, ndani ya nchi ya Waluba, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta kaburi la kati ya karne ya 8 na ya 10 hivi, ambamo fuawe ya chuma ililazwa karibu na fuvu la marehemu, pamoja na shoka la heshima. Huko Rwanda, mwaka 1969, lilipofunguliwa kaburi la mfalme Cyirima Rujugira, zilikutwa nyundo mbili za chuma mahali pa kichwa chake. Kwa Waluba, masimulizi ya ufalme yanaunganisha ujio wa watawala wapya na ufundi wa kufua chuma, na wanawake wao walikuwa wakichomeka nyweleni vipini vidogo vya chuma vyenye umbo la nyundo. Nyundo hiyo si ile ya dukani yenye mpini wa mti. Ni kipande kizito cha chuma chenye kichwa kipana na mkia uliochongoka: ukiishika mkononi ni nyundo, ukiikita chini ni fuawe. Na kule Bunyoro, mmisionari John Roscoe aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1923 kwamba mhunzi akipata nyundo mpya aliiingiza nyumbani kwa sherehe kama ya kumpokea bibi arusi.

Hatuyataji haya kwa kujisifu na ukale. Tunayataja kwa sababu ndani yake mna hukumu ya wazee juu ya thamani. Mfalme hakulazwa juu ya rundo la chuma, ingawa chuma kilikuwa mali. Alilazwa juu ya chombo kinachozaa vyombo vingine. Jembe linalima, shoka linakata, lakini nyundo ndiyo mama wa jembe na wa shoka. Wazee walijua tofauti hiyo bila kwenda shule ya ufundi. Leo mizani ya mitraye haiijui.

Lakini hapa kuna jambo gumu, wala hatutalikwepa. Mhunzi mwenyewe ni mla mitraye. Zamani chuma kilitoka katika mawe, kwa moto wa makaa. Ng'ambo ya ziwa letu, kwa Wafipa, tanuri zao zilizoitwa malungu zilikuwa ndefu kumpita mtu, nyingine karibu mita 3, na zilivuta upepo zenyewe bila mivukuto. Kisha donge la chuma lilisafishwa katika tanuri dogo la pili, kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilifanya kazi. Askofu Lechaptois, aliyekuwa Karema, aliandika juu ya Wafipa na kazi zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1913, na waliokuja baada yake waliandika zaidi. Majembe ya kiwandani yalipoingia kwa wingi, tanuri zikazimika moja baada ya nyingine katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mhunzi hakuzimika pamoja nazo. Aligeukia chuma kilicholetwa: vipande vya reli, resori za gari, paipu, mapipa. Kwa hiyo yule anayechukua resori ya lori na kuifua panga haharibu urithi wowote. Anaendeleza desturi ya miaka mia moja.

Basi mpaka uko wapi? Kwa maoni yetu mpaka ni huu: resori, reli, paipu na bati ni chakula cha moto. Nyundo, fuawe, koleo, tindo, tupa nzima na jiliwa (mafundi wetu wanasema etau) ni meno yanayokila chakula hicho. Mtu mwenye njaa haling'oi jino akalitia chunguni. Hata tupa tuliiweka humo kwa kusitasita, kwani tupa iliyokwisha meno ni chuma kizuri sana cha kisu, chenye kaboni kama sehemu moja katika mia au zaidi, na mafundi wote wanajua hivyo. Tupa iliyoisha, sawa, ifuliwe kisu. Tupa yenye meno haina sababu ya kufa.

Tugeukie sasa wale wanaovipenda vyombo hivi kwa namna nyingine, yaani makumbusho. Mwaka 2018, huko Los Angeles, Fowler Museum ilifungua maonyesho makubwa juu ya wahunzi wa Afrika, yakaenda Washington mwaka 2019, kisha yakafika Paris, katika makumbusho ya quai Branly, hadi mwaka 2020. Tunayasifu kwa jambo moja kubwa: aliyeyaongoza, Tom Joyce, ni mhunzi mwenyewe, na pamoja naye alikuwa Allen Roberts, mtaalamu aliyekaa kwa Watabwa katika miaka ya 1970 na kuandika mengi juu ya nchi yetu hii. Ndiyo maana maonyesho yale hayakuishia kwenye mashoka ya kupendeza. Kazi ya kufua yenyewe ilipewa nafasi yake.

Hata hivyo, desturi ya makumbusho kwa jumla tunailaumu, na lawama yetu ni ya fundi, si ya mwanasiasa. Kwanza, wanachagua kwa macho. Shoka lenye sura ya mtu kwenye mpini lina bei, koleo iliyopinda haina. Kwa hiyo makabati yamejaa kazi za mhunzi na yana vyombo vyake vichache. Pili, wakichukua chombo wanakinyamazisha. Nyundo inayoning'inia kwenye waya haiwezi kukuambia uzito wake mkononi, wala sauti yake, wala kwa nini upande mmoja wa uso wake umelika kuliko mwingine. (Umelika kwa sababu aliyeitumia alikuwa na namna yake ya kupiga. Fundi akiitazama kwa dakika moja anaweza kukwambia mengi juu ya mkono ule.) Tatu, na hili ndilo linalotuuma, majina. Mara nyingi karatasi chini ya kitu inataja kabila na mwaka uliokisiwa, na jina la mkusanyaji lililoandikwa vizuri. La mhunzi halipo. Sisi wa upande huu wa ziwa tunajua desturi hiyo ilikoanzia. Desemba mwaka 1884 watu wa Émile Storms, aliyekuwa Mpala, walishambulia boma la Lusinga, wakamuua, na sanamu yake ya ukoo ikaishia Tervuren. Jina la Storms limeandikwa kila mahali, la Lusinga pia limehifadhiwa kwa sababu ya kifo chake. La mchongaji je?

Kwa hiyo mizani inakitazama chombo kwa uzito, na kabati kwa sura. Vyote viwili havikiulizi swali ambalo fundi anakiuliza kwanza: kinafanya nini, na bado kinaweza?

Ndiyo maana tunaipa karakana ya nyumbani nafasi ya mbele. Mtu anayetafuta vyombo vya zamani ili avitumie analazimika kuvijua. Tutazame anavyofanya fundi mzuri anapoletewa fuawe ya kununua. Haangalii rangi. Anachukua goroli ya chuma, ile inayotoka katika beringi, anaiachia kutoka kimo cha shubiri moja hivi. Ikiruka na kurudi karibu pale ilipotoka, uso wa fuawe ni mgumu na mzima. Ikianguka na kulala kama ndizi iliyoiva, uso ni laini, au fuawe iliwahi kupita katika moto mkubwa ikapoteza ugumu wake, jambo linalotokea nyumba inapoungua. Anaijaribu uso wote, si mahali pamoja, maana ufa uliojificha husababisha goroli kurudi vibaya pale tu ulipo. Kisha anaigonga na kusikiliza. Wengi wanadhani mlio ndio hukumu yote, eti inayolia kama kengele ndiyo nzuri. Si kweli kabisa: ziko fuawe zenye mwili wa chuma cha kumimina na uso wa chuma kigumu, zenyewe ni kimya na bado ni nzuri. Goroli haidanganyi, sikio linaweza.

Asiye na fuawe anatumia kipande cha reli, na hapa pia tunaona makosa yanayorudiwa. Watu wanakilaza kama kilivyolala njiani na kupiga juu ya mgongo wake. Reli iliyolazwa hivyo inatikisika, nguvu ya nyundo inapotea katika shingo yake nyembamba. Isimamishe wima, uifunge imara ndani ya gogo zito, upige juu ya kichwa chake kilichokatwa: sasa uzito wote wa kipande uko chini ya nyundo yako. Uso ni mdogo, ndiyo, lakini jiwe la wazee nalo halikuwa meza. Neno fuawe lenyewe lina jiwe ndani yake, na verebu yake, kufua, ndiyo ile ile ya nguo: kupiga juu ya jiwe.

Kwa jiliwa, fundi anazungusha parafujo mpaka mwisho. Sehemu ya katikati, inayotumika kila siku, ndiyo inayolika. Kama inalegea pale na kukaza penginepo, bei ishuke. Meno ya taya yakiwa yameisha si hasara kubwa, yanaweza kubadilishwa. Taya zisizokutana sawasawa ni hasara. Kwa koleo tazama ribiti ya katikati na kama midomo inafuatana. Kwa nyundo tazama tundu la mpini, kama lina ufa pembeni, maana kichwa kinachoruka kinaua mtu.

Mambo haya yote mnunuzi wa kilo hayahitaji, na mtu wa kabati anayahitaji kidogo. Yanaishi kwa mtu anayenunua ili kesho apige. Elimu hii haina kitabu huku kwetu; inahamia pamoja na chombo kinapotoka mkono huu kwenda mkono ule, na muuzaji anapoeleza. Bei yenyewe katika biashara hii huwa ni mazungumzo. “Mzee, hii koleo unaitoa kwa ngapi?” “Ile si ya kuuza, mwanangu. Lakini kama uko na tupa mbili nzima, tunaweza kusemezana.” Anayesikiliza mazungumzo ya namna hiyo hadi mwisho atajua koleo ilitoka kwa nani, ilishika nini, na kwa nini mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine.

Baada ya kuwasifu, tuwaambie hawa ndugu wa karakana ukweli wao. Wana makosa, na mengine ni makubwa.

La kwanza ni mashine ya kusaga. Kijana akinunua nyundo ya zamani, siku ile ile anaisugua mpaka ing'ae kama kijiko cha harusi. Kutu imeondoka, sawa, na alama za mtengenezaji zimeondoka pamoja nayo. Kumbe alama hizo ni barua. Simba wa Peugeot Frères au jicho la Goldenberg wa Alsace vingemwambia kwamba ameshika chuma cha Ufaransa chenye sifa. Na kwenye ubavu wa fuawe za zamani za Uingereza kuna namba tatu zilizoachana, ambazo tumewahi kusikia zikisomwa kama mwaka au kama namba ya kiwanda. Si mwaka. Ni uzito kwa kipimo chao cha zamani: namba ya kwanza huzidishwa kwa ratili 112, ya pili kwa 28, ya tatu ni ratili zenyewe. Fuawe iliyoandikwa 1 2 10 ina ratili 112, na 56, na 10, jumla 178, yaani karibu kilo 81. Nyundo za wahunzi wetu hazina maandishi, lakini zina alama za mkono: makunyanzi ya kufua, mahali chuma kilipokunjwa juu ya kingine na kuungana kwa moto. Ukisaga hayo umefuta saini pekee ambayo yule mtu aliiacha. Brashi ya waya na mafuta kidogo vinatosha.

La pili ni kulehemu ovyo. Posti ya kusudere imekuwa dawa ya kila ugonjwa. Uso wa fuawe ukiwa na mashimo madogo, watu wanaujaza kwa baketi ya kawaida, wakati joto lile linalainisha chuma kigumu kando yake na baketi yenyewe ni laini. Baada ya mwezi mashimo yamerudi na uso umekufa. Mashimo madogo hayamzuii mtu kufua. Yaacheni.

La tatu ni zito zaidi. Vita vya miaka ya 1998 hadi 2003 na ghasia zilizofuata viliwafukuza wengi wa Moba. Waliokimbilia Zambia walikaa katika kambi za Kala na Mwange, wengine walivuka kwenda Tanzania, na kurudi kwao kuliendelea hadi kambi zile za Zambia zilipofungwa mwaka 2010. Mhunzi anayekimbia usiku kwa mashua habebi fuawe. Waliporudi, wengine walikuta gogo limebaki na shimo katikati. Vyombo hivyo havikuyeyuka hewani. Vingine viliuzwa kwa kilo, vingine vinafanya kazi hadi leo katika karakana ambazo wenyewe hawajui, au hawapendi kujua, vilikotoka. Hatusemi kila chombo cha zamani kimeibwa. Tunasema kwamba mkusanyaji anayewalaumu Wabeljiji kwa kuchukua bila kuandika jina, naye ananunua gizani bila kuuliza jina, hana lugha ya kuwalaumu. “Imetoka kwa nani?” ni swali la kwanza, kabla ya “bei gani?”. Na muuzaji akijibu kwa kutazama pembeni, nyundo hiyo ibaki kwake.

Liko na suala la wajane na yatima. Mhunzi akifa, nguo na baiskeli vinagawanywa mbele ya watu, lakini sanduku la vyombo linabaki kona ya nyumba mpaka ada ya shule inapodai. Hapo mwenye mizani anafika. Mama hana kosa. Hakuna aliyemweleza kwamba jiliwa lile, likiuzwa kwa fundi, lingeleta bei mara nyingi zaidi ya kilo zake. Chama chetu kingeweza kufanya jambo dogo hapa, nalo halihitaji mfadhili: mafundi wawili au watatu wanaoaminika waitwe na familia baada ya matanga, wapime vyombo kimoja kimoja kwa goroli na kwa jicho, waseme bei ya haki mbele ya wajomba na baba wadogo, na wao wenyewe wasiruhusiwe kununua siku hiyo.

Na kiwepo kitabu. Daftari la shule linatosha. Jina la mhunzi, kijiji, alimrithi nani, chombo gani, uzito, alama zilizopo, kimeenda kwa nani na mwaka gani. Nyundo isiyo na maandishi ichorwe tu kwa kuizungusha kalamu juu ya karatasi, uso wake na ubavu wake, pamoja na ule upande uliolika.